Uhuru wa Nani? Uhakiki wa Istilahi "Binafsi" na "Umma" kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Utangulizi

Istilahi nyingi zinazoletwa mbele yetu ili zichunguzwe hazina ubishi mkubwa. Mtu akiuliza jina la chombo au la ugonjwa, neno hutafutwa, likajadiliwa, likakubaliwa au likakataliwa, na shauri likaisha. Lakini yako maneno machache ambayo mjadala wake hauishi, kwa sababu kila yanapotamkwa yuko mtu anayepata na yuko anayepoteza. Miongoni mwa maneno hayo tumechagua mawili, yaani "binafsi" na "umma", jinsi yanavyotumika pamoja na neno "uhuru". Wafasiri wa maandishi ya sheria na siasa huyatumia kila siku: "uhuru binafsi" upande mmoja, "uhuru wa umma" upande wa pili. Nao walimu wa uraia huwafundisha wanafunzi wao kwamba nchi njema ni ile inayoyaweka mambo hayo mawili katika mizani.

Hatupingi kwamba mizani yatakiwa. Tunalosema katika makala haya ni kwamba mawe ya mizani yenyewe hayana uzito wa haki. Maneno "binafsi" na "umma" hutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, na mara nyingine huficha kabisa ni nani aliye mmoja na ni nani walio wengi. Ili tusizungumze hewani, tutachukua mifano yetu katika sehemu moja ya nchi yetu, nayo ni Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama hadi Geita. Huko watu ni wengi, ng'ombe ni wengi, na chini ya ardhi iko mali ambayo kila mmoja husema ni yake. Kwa hiyo maneno ya uhuru hupimwa huko kwa vitendo.

Safari ya neno "uhuru"

Neno "uhuru" lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza katika Kiswahili ilikuwa ni ya mtu mmoja. Mtu alikuwa huru au alikuwa mtumwa. Mtumwa fulani, mwenye jina lake, aliachwa huru na bwana fulani, mwenye jina lake. Hapakuwa na uhuru wa wote kwa pamoja, bali palikuwa na hali ya huyu na hali ya yule. Sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika ilipotungwa mwaka 1922, neno hilo lilikuwa bado lina maana hiyo katika vinywa vya watu wengi wa pwani.

Baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954, neno liligeuka. Aliyekuwa mtumwa sasa ni nchi nzima, na bwana ni serikali ya kigeni. Tarehe 9 Desemba 1961 "Uhuru" likawa jina la siku, la gazeti, la barabara na la kilele cha mlima. Huo ulikuwa uhuru wa taifa, na maana hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ile ya kwanza ilibaki nyuma yake kama kivuli. Katika miaka iliyofuata, mtu aliyedai uhuru wake dhidi ya mpango wa kijiji au wa chama aliweza kujibiwa kwamba uhuru umekwisha kupatikana, na kwamba kilichobaki ni kazi.

Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Hapo maana ya kwanza ikarudi kwa sura mpya: uhuru wa mtu wa kusema, wa kuamini, wa kwenda na wa kushirikiana na wengine. Kabla hata maana hiyo haijazoeleka, likaja neno "huria". "Soko huria" na "biashara huria" ni maneno yaliyoenea wakati wa mabadiliko ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, na uhuru wake ni wa bidhaa na mtaji kupita bila kuzuiwa.

Basi katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, shina moja limebeba mizigo minne: kuachwa huru kwa mtumwa, kujitawala kwa taifa, haki ya raia mbele ya dola, na kufunguliwa kwa soko. Si ajabu kwamba watu wawili wa Geita wanaweza kusimama katika mkutano mmoja, kila mmoja akidai uhuru, na wasielewane. Wataalamu wa nchi nyingine wamekutana na tatizo la jinsi hii. Mwaka 1958 Isaiah Berlin, katika mhadhara wake wa Oxford, alitenganisha uhuru wa kutoingiliwa na uhuru wa kujitawala, akaonya kwamba huo wa pili huweza kutumiwa kuukandamiza ule wa kwanza. Mgawanyo huo watusaidia, lakini hautoshi. Katika Kiswahili tatizo haliko katika neno "uhuru" peke yake. Liko zaidi katika maneno yanayolifuata.

Mizani isiyo sawa

Tutazame kwanza "binafsi". Kama kivumishi, neno hili halina lawama: barua binafsi, maoni binafsi, gari binafsi. Lakini mara tu tulitiapo kiambishi "u-" ili tupate jina la dhana, tunapata "ubinafsi", na "ubinafsi" katika Kiswahili ni kosa la tabia. Mbinafsi ni mtu anayejipendelea na kusahau wenzake. Hakuna mtu anayesifiwa kwa ubinafsi wake. Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma juu ya "uhuru binafsi", sikio lake husikia chini kwa chini "uhuru wa wabinafsi". Hajafundishwa hivyo na mwalimu wake. Amefundishwa na lugha.

Tuchukue sasa "umma". Neno hili lina heshima ya dini na ya siasa pamoja. "Mali ya umma" haiguswi, "utumishi wa umma" ni wito, na "maslahi ya umma" hukata mjadala. Hata hivyo, tukiuliza umma ni nani, jibu halipatikani kwa urahisi. Mara ni wananchi wote, mara ni serikali, mara ni shirika linalomilikiwa na serikali. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa, na kitendo hicho kikapewa jina la "ubinafsishaji". Neno hilo limejengwa juu ya shina lile lile la "ubinafsi", na tunaamini kwamba sehemu ya chuki iliyolikumba ilitokana na umbo lake tu, kabla ya watu kutazama hesabu.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba "sekta binafsi" imeingiza katika neno "binafsi" kiumbe ambacho si mtu hata kidogo. Kampuni ni mtu kisheria. Ina wenye hisa maelfu katika nchi za mbali, ina mawakili, ina ndege. Nayo pia ni "binafsi". Mchimbaji mwenye sururu na tochi naye ni "mtu binafsi". Istilahi moja imewaweka wawili hao katika pakacha moja, ilhali katika ukanda wa dhahabu aghalabu wao ndio wanaoshindana.

Bulyanhulu: mmoja ni nani, wengi ni nani?

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa Bulyanhulu, Kahama. Wachimbaji wenye zana za mkono walifanya kazi huko kwa miaka mingi. Mwaka 1994 haki ya eneo hilo ilipewa kampuni ya Kahama Mining Corporation, iliyokuwa chini ya Sutton Resources ya Kanada. Mwezi wa Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa na maduara yao yakafukiwa. Idadi ya walioondolewa na mambo yaliyowapata baadhi yao siku zile yalizua mabishano mazito yaliyovuka mipaka ya nchi. Wako waliodai kwamba watu walifukiwa wakiwa hai, na serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu.

Si kazi ya makala haya kuamua shauri hilo. Kazi yetu ni kutazama maneno. Katika mijadala ya namna ile, wachimbaji husemwa kuwa ni watu binafsi wanaofuata faida zao, na kuondolewa kwao husemwa kuwa ni kwa maslahi ya taifa, kwa sababu mgodi mkubwa utalipa kodi na mrabaha. Lakini tukihesabu vichwa, walioitwa "binafsi" walikuwa maelfu, pamoja na wake zao, watoto wao, mama lishe na wachuuzi waliowategemea. Aliyebeba joho la "umma" alikuwa kampuni moja. Istilahi ziligeuza hesabu juu chini, na wasikilizaji wengi hawakuona, maana "umma" ni neno kubwa na "binafsi" ni neno dogo.

Yawezekana kabisa kwamba hoja ya kodi na mrabaha ilikuwa na uzito. Yawezekana pia kwamba uchimbaji wa mkono, pamoja na zebaki yake na vifo vya kufukiwa na kifusi, haukustahili kuachwa vile vile. Hoja hizo zastahili kusikilizwa. Lakini zisikilizwe kama hoja, zisipitishwe kama maana ya neno.

Tena huyo aitwaye mchimbaji binafsi hachimbi peke yake. Yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, wako wanaoshuka chini, wako wanaovuta mawe juu kwa kamba, wako wanaosaga na wanaoosha kwenye mialo. Mifuko ya mawe hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana tangu mwanzo. Mgawo huo una dhuluma zake, na anayeshuka chini aghalabu ndiye apataye fungu dogo. Lakini ni utaratibu wa watu wengi, wenye ahadi na wajibu. Kuuita "binafsi" ni kutouona.

Mdogo, mvamizi, magwangala

Maneno mengine ya ukanda huo yanafuata mkondo huo huo. "Mchimbaji mdogo" ni tafsiri iliyokusudiwa kueleza ukubwa wa mtaji na wa eneo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inaitenga leseni ya uchimbaji mdogo kwa ajili ya raia wa Tanzania, na hilo ni jambo la kumlinda. Lakini kivumishi kimemkalia mtu, hakikuikalia kazi. Mzee wa miaka 60, mwenye wajukuu, anaitwa "mdogo" katika barua ya ofisi. Tungesema "mwenye uchimbaji mdogo", udogo ungekaa mahali pake.

"Mvamizi" ni neno lenye madhara zaidi. Hutumika kumtaja mtu aingiaye katika eneo la leseni ya mwingine bila idhini. Kosa hilo lipo na sheria inalitambua. Lakini mwaka 1978 "mvamizi" lilikuwa jina la jeshi la Iddi Amin lililoingia Kagera, na mvamizi wa namna hiyo hupigwa, hashtakiwi. Askari au mlinzi anayepewa taarifa kwamba "wavamizi wako shimoni" amepewa vita mkononi badala ya kosa la jinai. "Aliyeingia bila idhini" ni maneno marefu zaidi, lakini hayamtoi mtu katika uraia wake.

"Magwangala" ni neno la wenyeji wa Geita. Ni mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa kwa kuwa dhahabu iliyomo haitoshi kulipa gharama za mitambo. Kwa kampuni ni taka zilizo ndani ya eneo lake, na kuziingia kuna hatari. Kwa kijana mwenye nyundo na karai ni riziki. Katika miaka ya 2010 madai ya kugawiwa magwangala yalifika mpaka kwa viongozi wa juu wa taifa. Twaona fahari kwamba Kiswahili cha Geita kilitoa neno hilo, kwa kuwa halimhukumu mtu. Halisemi "taka", wala halisemi "hazina". Linakitaja kitu, na kuwaacha watu wajadiliane.

Vivyo hivyo na "makinikia". Serikali ilipozuia usafirishaji wake nje mwezi wa Machi 2017, watu wengi walisema "mchanga wa dhahabu". Waliokuwa wakiitetea kampuni waliona mchanga hauna thamani kubwa; waliokuwa wakiilaumu waliona mchanga wetu unaibwa. Neno "makinikia" lilipoenea, mjadala ulipata kitu cha kupima: kiasi gani cha dhahabu, cha shaba, cha fedha. Ubishi haukuisha, na kumalizika kwake kulihitaji makubaliano ya mwaka 2020 ambayo yaliipa serikali hisa za asilimia 16 katika Twiga Minerals na migodi yake. Lakini istilahi nzuri haikusudiwi kumaliza ubishi. Imekusudiwa kuwafanya wabishani wazungumzie kitu kimoja.

Sungusungu: upande wa pili wa mizani

Msomaji asidhani kwamba tumekusudia kumtetea mtu mmoja dhidi ya wengi kila wakati. Shinyanga yenyewe inatukataza kufanya hivyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilienea na wizi wa mifugo ukawa janga. Polisi walikuwa wachache na mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na sehemu za jirani walijiunda wenyewe kwa jina la sungusungu, wale wadudu weusi ambao mmoja hupuuzwa lakini kundi lao humhamisha hata nyoka. Kila kijiji kilikuwa na ntemi wake wa sungusungu. Yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Wizi ulipungua sana, na watu ambao hawakuwa na uhuru wa kulala usingizi wakaupata. Huo ulikuwa uhuru wa pamoja kwa maana iliyo kamili. Hakuna ambaye angeweza kuupata peke yake, na haukuletwa na serikali. Sheria ya mwaka 1989 ikaja kuwatambua na kuwapa madaraka yanayofanana na ya mgambo.

Lakini adhabu kubwa ya sungusungu ilikuwa kutengwa. Aliyekataa kutoka usiku, au aliyekataa kulipa faini, hakusalimiwa, hakupewa moto, hakusaidiwa akifiwa. Hapo lugha inatufundisha kitu. Mtu aliyetengwa yuko huru na kila wajibu. Hakuna anayemdai, hakuna anayemwita. Kwa kipimo cha kutoingiliwa, huyo ndiye mtu huru kupita wote kijijini. Na kila Msukuma ajua kwamba huyo ndiye aliyenyang'anywa uhuru. Waswahili husema "mtu ni watu", na methali hiyo inatuonya tusimtafute mtu huru nje ya watu wake.

Hata hivyo, Ibara ya 20 ya Katiba, inayohusu uhuru wa mtu kushirikiana na wengine, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika. Sungusungu waliwalazimisha watu. Wako waliopigwa, wako waliotozwa faini bila ya ushahidi, wako waliosingiziwa. Ikiwa tutaandika kwamba hapa "uhuru wa umma" umegongana na "uhuru binafsi", tutakuwa tumesema neno la kweli lisilosaidia chochote. Umma upi? Sungusungu hawakuwa serikali; kwa miaka kadhaa serikali iliwatazama kwa mashaka. Walikuwa wanakijiji. Na aliyekataa kutoka, je, alikuwa mbinafsi, au mgonjwa, au mtu wa dini asiyekubali viapo? Istilahi zetu hazituulizi maswali hayo. Hutupa jibu tu.

Ngitili: pale maneno yalipokaa vizuri

Kwa bahati nzuri, nchi hiyo hiyo imetupa mfano wa neno linalowachukua mmoja na wengi bila kuwagombanisha. "Ngitili" katika Kisukuma ni eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili majani yake yaliwe wakati wa kiangazi. Iko ngitili ya kaya, na iko ngitili ya kijiji. Zote ni ngitili. Tofauti hutajwa kwa kumtaja mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni iliwahamisha watu wa Shinyanga kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika. Miaka mitano tu kabla ya tangazo hilo, katika maandishi yake ya mwaka 1968 juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alikuwa amesisitiza kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba wanahitaji kushawishiwa, si kuswagwa. Ngitili nyingi zilikufa, kwa sababu mwenye ngitili alikuwa mbali nayo, na eneo lililokuwa la fulani likawa la wote, maana yake si la mtu. Ardhi ya Shinyanga ilizidi kuwa jangwa.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI. Ulipofanikiwa, ulifanikiwa kwa sababu uliwarudishia watu neno lao na utaratibu wao: kaya zilifunga ngitili zao, vijiji vikafunga vyake, na sungusungu wale wale pamoja na mabaraza ya wazee wakawatoza faini waliolisha mifugo mahali pasiporuhusiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorudishwa zilizidi hekta 300,000. Hapo uhuru wa mwenye kaya wa kufunga eneo lake ulilindwa na uamuzi wa wengi, na uamuzi wa wengi ulipata nguvu kwa sababu kila mmoja alikuwa na chake cha kulinda. Hatusemi kwamba ngitili hazina ugomvi. Asiye na ardhi hana ngitili, na wanawake wengi hawakuulizwa. Tunasema kwamba neno lenyewe halikuficha ni nani mwenye nini. Kwa hiyo hata ugomvi wake ulionekana.

Pingamizi moja

Yuko atakayesema kwamba tunayapa maneno nguvu yasiyo nayo. Mchimbaji wa Bulyanhulu hakuondolewa na istilahi, ataambiwa mwandishi. Aliondolewa na dola. Jambo hilo ni kweli. Lakini amri ya dola huandikwa. Tangazo linalobandikwa kwenye mti, muhtasari wa mkutano wa kijiji, hati ya mashtaka, barua ya fidia, yote haya huandikwa na mtumishi mwenye kalamu na kamusi. Akiandika "wavamizi", ameandika hukumu. Akiandika "kwa maslahi ya umma" bila kutaja ni akina nani watakaopata, amemfungia mlango mtu aliyetaka kuuliza.

Hata maandishi ya juu kabisa yana kasoro ya namna hiyo. Mkataba uliopitishwa na wakuu wa nchi za Afrika mjini Nairobi mwaka 1981 huitwa kwa Kiswahili "Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu", na mahakama yake iko Arusha. Msikilizaji wa kawaida huuliza: je, binadamu si watu? Waandishi wa mkataba walikusudia haki za mtu na haki za jamii nzima yenye umoja wake. Ibara yake ya 21 inatoa kwa jamii hizo haki ya kutumia utajiri wao wa asili kwa hiari yao. Lakini Kiswahili kimeandika "watu", neno ambalo ni wingi wa "mtu" na si zaidi. Tukiisoma ibara hiyo Kahama, swali gumu linabaki bila jibu: watu wenye dhahabu ni Watanzania wote, au ni watu wa Bulyanhulu? Sheria zetu, hasa tangu mwaka 2017, zimejibu kwamba ni Watanzania wote. Jibu hilo lina sababu zake. Lakini laiti istilahi ingekuwa wazi, swali lingeulizwa mapema na kwa sauti.

Mapendekezo

Kutokana na hayo yote, twapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi.

Kwanza, "uhuru" lisiachwe peke yake katika maandishi ya sheria na utawala. Litajwe pamoja na mwenye uhuru, tendo lake, na mwenye kuliwekea mpaka. Katiba yenyewe imetuonyesha njia. Ibara ya 17 inasema "Uhuru wa mtu kwenda atakako", na ya 19 "Uhuru wa mtu kuamini dini atakayo". Hakuna "binafsi" hapo. Kuna mtu, kuna kitenzi, na kuna kirejeshi kinachobeba hiari yake. Hicho ni Kiswahili safi, na ni sheria safi.

Pili, mahali panapohitajika jina la jumla, tuseme "uhuru wa mtu mmoja mmoja" badala ya "uhuru binafsi", na "uhuru wa pamoja" kwa ule ambao hauwezi kupatikana ila kwa kushirikiana, kama ule wa sungusungu. "Uhuru wa taifa" ubaki kwa kujitawala kwa nchi. "Ubinafsi" uachwe palepale ulipo, yaani katika lawama, kwa kuwa lugha ina haki ya kuwalaumu wabinafsi. Falsafa inayomtanguliza mtu mmoja na ielezwe hivyo hivyo, mpaka litakapopatikana jina lililo bora.

Tatu, "umma" lisitumike kwa maana ya serikali. Kama ni serikali, iandikwe "serikali". Kama ni kijiji, kiandikwe kijiji kwa jina lake. Kama ni kampuni iliyopewa haki na serikali, iandikwe hivyo, na maslahi yanayotarajiwa yatajwe: kodi kiasi gani, kwa nani, na lini.

Nne, maneno ya watu wanaoishi na jambo lenyewe yatafutwe kabla ya kuunda mapya. "Duara", "mwalo", "magwangala" na "ngitili" yameshapimwa na kazi. Kamusi zetu ziyapokee kama istilahi kamili, zisiyaweke pembeni kama maneno ya mitaani au ya kikabila.

Waswahili husema kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hiyo haikutaja mmoja wala wengi. Imetaja namna ya kutenda. Kijiji chaweza kuwa na hiari, na mtu mmoja aweza kuwa nayo, na kila mmoja wao aweza kumnyima mwenzake. Kazi ya istilahi ni kuonyesha wazi ni nani amemnyima nani, ili wanaohusika, na wale wenye mamlaka ya kuamua, wasiamue gizani. Tunawakaribisha wasomaji, hasa wale wanaofanya kazi katika mabaraza ya ardhi, ofisi za madini na shule za Kanda ya Ziwa, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno mengine ya huko ambayo bado hayajatufikia.